Kila Baada ya Saa Nne

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mashine ya duka la fotokopi ilitoa karatasi mbili za watu wawili ambao hawakuwa wamesemezana kwa siku kumi na tisa.

Mpimaji wa mashindano ya boti alichukua ya juu akidhani ni yake. Akasoma: *Rufaa dhidi ya mpimaji.* Chini yake, sahihi ya mpenzi wake.

Aligeuka. Nahodha alikuwa nyuma yake kwenye foleni, vifungo vya shati la buluu vimekwenda kombo, ripoti ya mpimaji mkononi.

"Shikamoo, Rula," nahodha alisema kwa kejeli, akimwita kwa jina la utani alilompa kwa kupenda kupima.

"Nirudishie karatasi yangu."

"Ngoja nimalize. Katamarani sita, boti za matumbo mawili, na yangu ya mwisho. Maili nane nukta moja kwa saa, na kigezo cha mbio za bahari kuu ni tisa. Miaka mitatu nimeijenga ile boti, tumbo la kushoto na la kulia, na wewe umenishikia taa. Leo unaizika kwa mstari mmoja!"

"Imezikwa na takwimu. Ulitaka niongeze sukari?"

"Nilitaka usiogope maneno ya watu! Unanikandamiza ili wasiseme unanipendelea."

"Wapenzi hao," mtu mmoja alinong'ona kwenye foleni.

"Hatupendani!" walijibu kwa pamoja.

"Wanangu," alisema mama mwenye duka, "gombaneni pembeni. Wenzenu wana haraka."

Wakahamia kwenye meza ya kubania karatasi. Nahodha akagonga mstari wa mwisho wa ripoti kwa kidole. *Uhusiano na nahodha: hakuna.*

"Miaka yote hii, Rula. Hakuna?"

"Uliona matokeo ya awali, ukafoka, ukazima simu. Nilijaza kilichokuwepo."

Mpimaji alifungua kompyuta yake kwa nguvu. Ripoti ilitakiwa saa sita kamili, na kabla ya hapo alitaka kumwaibisha kwa ushahidi. Mistari ya safari za boti sita ikatokea. Akakuza wa nahodha, kisha akaanza kuhesabu nukta.

Kwenye mistari mitano, nukta za mahali boti ilipopita zilifuatana kwa karibu, moja kila saa. Za nahodha zilikuwa mbalimbali, moja kila baada ya saa nne. Yeye, anayehesabu kila kitu, alikuwa ametazama mistari bila kuhesabu nukta. Kompyuta huunganisha nukta kwa mstari ulionyooka, lakini upepo ulikuwa wa mbele, na hakuna katamarani inayokwenda moja kwa moja kwenye upepo. Hupinda huku, ikapinda kule. Mapindo yote hayo yalikuwa yamekatwa, na boti ikaonekana imekwenda maili chache.

"Nani alibadilisha kifaa chako kitume mahali ulipo kila baada ya saa nne?"

"Mimi."

"Kwa nini, wewe mtu?"

"Betri. Kikituma kila saa, simu ya setilaiti haipati chaji." Nahodha alitazama pembeni. "Na simu ilikuwa ya kukupigia wewe kila jioni. Ulidhani umeme nautoa mfukoni?"

Jioni tano. Ya mwisho nahodha alikuwa amemuuliza tu kama amekula, laini ikakatika. Mpimaji alipandwa na hasira upya, nusu kwa nahodha, nusu kwa nafsi yake.

"Ungeniambia!"

"Ungeuliza!"

"Kumbukumbu za boti yenyewe unazo?"

Nahodha alitoa kadi ndogo ya kumbukumbu kwenye pochi. Mpimaji alipiga hesabu mara mbili. Maili 1,310, si 1,120, kwa saa zilezile 139. Maili tisa nukta nne kwa saa. Nafasi ya pili.

"Nimekosea," alisema, uso bado ameukunja.

"Rudia, mpenzi. Sikusikia vizuri."

"Usinijaribu."

Kwenye ripoti ya kompyuta alifuta neno *hakuna*, akaandika *mchumba*.

"Mchumba?" Nahodha alisomea begani mwake. "Mbona mimi sijaulizwa?"

"Ukipinga, kata rufaa. Fomu unaijua."

"Hutaruhusiwa kusaini. Atakuja yule mpimaji mwenzako mkali anikague."

"Akukague. Hesabu ziko sawa."

Akampigia mwenyekiti wa mashindano. "Mzee, nahitaji mpimaji mwingine kabla ya saa sita. Nina uhusiano na nahodha. Ndiyo, mzee. Wa kuoana."

Nahodha alichana rufaa vipande vinne, akaomba kalamu kwa mama mwenye duka.

Saa tano na dakika hamsini na mbili, mpimaji wa pili alisaini ripoti mpya iliyochapishwa, boti ya nahodha ikiwa nafasi ya pili. Kando ya neno *mchumba* palikuwa na neno moja la kalamu, kwa mwandiko wa nahodha: *Nakubali.*