Kidole Kilichofungua Stoo Hakikuwa Changu

Nina miaka sabini na mitatu, mjane, naishi Kabazi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mnisamehe mwandiko. Lakini majina sisahau. Wanawake wote ishirini na wanne wa kikundi chetu nawajua, kutoka Esta Wangari mpaka Mama Chebet, mwenyekiti. Na wote nimewaumiza...

Mimi ndiye nilikuwa naweka ufunguo wa stoo ya mbegu za viazi. Miaka mingi! Halafu kufuli likavunjwa, tukaleta mlango wa kisasa. Unasongeza kadi kwa mashine, halafu unaweka kidole. Kadi peke yake haifungui. Kidole peke yake pia hakifungui.

"Hata mwizi akiokota kadi, kidole atatoa wapi?" fundi Otieno alituambia.

Siku ya kuandikisha vidole, mashine ilikataa vyangu vyote kumi. Otieno akacheka. "Mathe, alama zako zilienda wapi?"

Zilienda wapi? Jembe, magadi ya kufulia, kupukuchua mahindi tangu nikiwa msichana!

Wenzangu walikuwa nje wakinywa chai. Nikaona aibu. Nikaogopa stoo itapewa Esta. Purity, bibi ya mwanangu Kariuki, akaninong'oneza, "Mum, wacha niweke changu. Nani atajua?"

Otieno alikuwa na haraka. Kidole cha Purity kikaandikwa jina langu, Tabitha Njeri.

Tangu hapo tulienda stoo pamoja, mimi na kadi, yeye na kidole. Watu wakinisifu vile ananitunza!

Siku ya mazishi ya Mzee Koech, kikundi chote kilienda. Mimi magoti yalinilaza. Purity alinipikia uji, akanifunika, akasema anaenda kusaidia kupika huko. Kadi ilikuwa kwa msumari nyuma ya mlango. Jioni nilipoamka, ilikuwa pale pale...

Jumatatu Mama Chebet, maana mwenyekiti pia aliandikishwa, alifungua na kadi yake na kidole chake. Stoo tupu! Na mvua imeanza, mashamba yamelimwa. Moraa, mwenye watoto sita na shamba la kukodi, alikaa chini kwa simiti akalia.

Otieno akaitwa, akasoma mashine. Kadi ya Tabitha. Kidole cha Tabitha. Saa saba mchana, siku ya mazishi.

"Mama Kariuki, ni wewe?" Mama Chebet aliniuliza polepole.

Nilimwangalia Purity. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikisema, mama ya wajukuu wangu anashikwa. Nikinyamaza, mimi ndiye mwizi. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Moraa akapangusa macho. "Shosho, si ungeniomba tu? Ningekugawia zangu."

Hapo nilishindwa. Nikaenda kwa mashine na kadi yangu, nikaweka kidole kimoja kimoja, vyote kumi. Taa nyekundu... nyekundu... nyekundu.

"Sasa nani amekuwa akifungua?" Mama Chebet akauliza.

Sikutaja jina. Niligeuka tu nikamtazama Purity. Akalia kwa sauti, "Mum, na si ulikubali mwenyewe!"

Ni kweli. Nilikubali.

Mbegu zilibebwa na pikapu ya kaka yake na zikauzwa Nakuru. Purity alishikwa. Kariuki hanisemeshi. Mimi nilitolewa kikundini, na Shiru, mjukuu wangu, huniuliza kila asubuhi mama anarudi lini. Nimjibu nini?

Akina mama wenzangu, mashine ikikataa kidole chako, sema hapo hapo, mbele ya watu wote! Wacheke. Siku ile wangenicheka, na aibu yangu ingeisha kabla chai haijapoa.