Soketi za Ndani ya Boksi

Rafiki yangu aliwasha kiberiti, akachoma bidhaa yangu mbele ya wateja wangu!

Jamani, sikuamini macho yangu...

Enzi zile za ruksa, mizigo ya nje inamiminika Kariakoo, mimi Mwinyimvua nilikuwa na duka la vifaa vya umeme Mtaa wa Swahili. Abdulkadiri alikuwa fundi umeme. Shule ya usiku tulikaa dawati moja, tukasinzia pamoja, tukafaulu pamoja.

Siku hiyo kaingia dukani, hata salamu hakuna. Akafungua boksi, akatoa soketi mpya nyeupe, akaiwekea moto.

Ikashika.

Akaondoa kiberiti... moto haukuzimika! Plastiki inawaka yenyewe, inadondosha matone ya moto sakafuni.

"Bosi, hii soketi au mshumaa?" mchukuzi mmoja akadakia mlangoni.

Watu wakacheka. Wateja wakarudisha mikono mifukoni.

"Abdul! Umerogwa?" nikafoka. "Hizi zina cheti! Plastiki yake imepimwa!"

"Ulisema uliijaribu kwa moto," Abdul akasema. "Ulichoma ipi?"

"Ya sampuli! Niliichoma mwenyewe kwa aliyeniuzia. Nilipoondoa moto ikazimika papo hapo."

"Sampuli ilitoka wapi?"

"Kwenye kabati lake la kioo."

"Na za ndani ya boksi, umechoma hata moja?"

Nikajifanya napanga maboksi.

Wasomaji wangu, Kariakoo unaonyeshwa moja, unapakiwa shehena. Ndiyo biashara yetu. Cheti kilikuwa cha kweli, lakini cha plastiki ile ya kabatini. Za boksini sikuzichoma kwa sababu nilishazinunua. Sikutaka kujua.

"Nilikwambia faraghani," Abdul akasema. "Ukaniambia nina kijicho."

Nikamkunja shati. Nikainua mkono nimtandike...

Mkono ukaganda hewani.

Mama!

Chumbani kwa mama yangu, Bi Sitara, pale mtaa wa Gerezani, nilimfungia soketi hizo hizo kwa mikono yangu. Na mama aliacha mkaa, anapikia jiko la umeme!

Nikatoka mbio, duka nikaliacha wazi. Abdul nyuma yangu. Nikapindua mkokoteni wa mananasi, nikatukanwa tusi zito, sikugeuka.

Nikasukuma mlango.

"Mama! Zima jiko!"

Mama kakaa kitandani, anachambua mchele. Ukutani pana soketi yake ya zamani, ile nyeusi.

"Niliyokufungia iko wapi?"

"Muulize mwenzio. Nilisikia harufu, nikamwita. Kaikuta inaanza kuyeyuka, akaing'oa."

Nikamgeukia Abdul.

"Kumbe! Ukashindwa kuniita pembeni uniambie ya mama, ukaona uniaibishe mbele za watu?"

Mama akaweka ungo chini.

"Muache. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Wewe, mama?!"

"Nimekuzaa, nakujua. Ya pembeni ungeyameza. Mimi ungeniletea soketi nzuri, na za watu ungeendelea kuuza."



Mama alisema kweli. Njia nzima nilimfikiria mama yangu. Mteja sikumfikiria hata mmoja!

Zilizobaki tulizivunja kwa nyundo, mimi na Abdul. Tukaanza kuzunguka kwa wateja, Ilala, Magomeni, Buguruni, tunagonga milango, tunang'oa. Wengine walinishukuru. Mmoja alinitemea mate, nikajifuta, nikaendelea na bisibisi yangu.

Nilimpata karibu kila mtu.

Isipokuwa dada mmoja. Alisema anakaa Upanga, anataka soketi ya chumba cha mtoto. Jina sikumuuliza. Tulipanda ngazi za maghorofa yale mpaka walinzi wakatuchoka.

Wanangu mnaofungua maduka, msidanganywe na sampuli. Toeni moja ndani ya boksi, mzigo ukiwa bado mikononi mwa muuzaji, muichome hapo hapo mbele yake. Na anayewaambia ukweli msimwite mwenye kijicho.

Mimi sasa ni mzee. Nikisikia king'ora cha zimamoto kinaelekea Upanga, huwa naacha ninachofanya, nakaa chini.

Maana yule dada aliniuliza, "Kaka, ni salama kweli?"

Nami nikamgeuzia soketi, nikamwonyesha nembo ya ubora kwa kidole.

"Imepimwa, dada. Mtoto alale."