Santuri Iliyoliwa na Sindano

Mchana ule mtaa wa vifaa vya umeme ulifurika watu hadi pa kukanyaga pakakosekana. Katikati ya msongamano alisimama Mshonaji, binti mwenye haya kiasi kwamba hata wateja wake aliwapima huku akitazama sakafu. Gauni lake la kijani alilishona mwenyewe, na kifuani alikumbatia mota ya cherehani kama mtoto mchanga. Ghafla kifua kikamtetemeka. Akadhani ni moyo. Kumbe ni spika kubwa kama kabati, na nyuma yake kijana mrefu wa fulana nyeusi, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio.

"Samahani dada, nimekushtua?"

"Hapana."

"Mbona unatetemeka?"

"Ni hii mota."

"Mota yenyewe haina hata waya!" Kijana akaangua kicheko. "Mimi wananiita Besi. Lete nikutengenezee, kabla hujaanguka nayo."

Mota ikapona siku ileile, lakini Besi hakuacha kuja kwenye chumba cha ushonaji. Kila mara alileta suruali ya kupunguzwa.

"Suruali ni hiyohiyo, baba," shangazi yake Mshonaji, mwenye chumba, alimtania. "Tukiendelea kuipunguza utaivaa mkononi."

Besi na wenzake walikuwa na mtambo, yaani maspika waliyoyaunda wenyewe, wakipiga rege viwanjani. Siku moja Mshonaji alijikaza akamuuliza, "Kwa nini nyimbo zenu zinatembea kama mtu aliyechoka?"

"Zamani zilikimbia. Kule Jamaika walianza na muziki wa kurukaruka, ukapunguza mwendo, ukapunguza tena, besi ikapata nafasi ya kusema. Ndipo ikawa rege. Maskini wa kule, nani angewakodia bendi? Wakaburuta maspika mitaani. Na kila mtambo ukataka santuri ambayo jirani hana."

"Na sisi kisiwa hicho kinatuhusu nini?"

"Waliimba habari za mtu aliyekandamizwa. Nani haijui habari hiyo? Uingereza wakaishika, Afrika tukaiimba kwa lugha zetu, mpaka Japani wanashindanisha mitambo. Umebaki wewe tu, mpenzi."

"Mimi nimeshashikwa," alisema, kisha akaficha uso kwenye kitambaa alichokuwa akipinda.

Santuri ambayo jirani hakuwa nayo, Besi alikuwa nayo. Aliimba humo kaka yake, aliyefariki kwa ugonjwa wa kifua, akiusifu mtambo wao na kumtaja mdogo wake. Ilichongwa moja tu. Wenzake walimsihi ainakili, akakataa katakata: ikiingia kwenye simu, kesho ingelia kwa kila kinyozi, na mashindano wangeshinda kwa lipi? Mashindano makubwa yalikuwa yanakaribia. Akishinda, alimwambia Mshonaji, angetuma wazee kwa shangazi.

Kisha stoo ya mtambo ikavunjwa. Besi, aliyekuwa na kazi ya kufunga maspika mji wa mbali, akamletea Mshonaji ile santuri ndani ya bahasha ya kaki.

"Nitunzie. Ila usiipige, roho yangu. Sawa?"

"Sawa."

Hakueleza zaidi. Kwa watu wa mitambo jambo hilo halielezwi: santuri ya namna ile ni laini, na kila sindano inapopita hung'oa sauti kidogo.

Safari ikarefuka. Simu zikawa za kukatikakatika.

"Umenikumbuka?"

"Kidogo."

"Kidogo tu? Basi narudi kulala hukuhuku."

"Besi! Sana. Sana."

Laini ikakata. Shangazi alikuwa na kisanduku cha kupigia santuri, cha enzi za ujana wake. Mshonaji alifikiri katazo lile ni kwa ajili ya mikwaruzo, na nani ana mkono mwepesi kumshinda yeye anayeshona hariri? Akaishusha sindano taratibu. Sauti ikatoka, na ilikuwa sauti ya Besi kabisa, ila nzito zaidi. Akalia kwa furaha. Tangu hapo, kila shangazi alipokwenda dukani, aliipiga. Ilipoanza kukwaruza, alidhani ni vumbi. Akaifuta kwa kitambaa laini, akairudia.

Jumapili ya mashindano uwanja ulijaa. Mtambo wa wapinzani ulishangiliwa. Besi, aliyerudi usiku uliotangulia na kuichukua bahasha yake, akiwa katika shati jeupe aliloshonewa na mpenzi wake, akainua mkono watu wanyamaze, akashusha sindano.

Kilichotoka kilikuwa kama mafuta yanayokaanga. Mbali, nyuma yake, mtu alikuwa kama anaita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Pakua chipsi hizo zimeiva!" mpinzani akapaza sauti kwenye maikrofoni. Uwanja mzima ukacheka.

Besi hakusikia kicheko. Aliinama akaweka sikio kwenye spika, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Nani ameipiga?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mshonaji, aliyesimama kando ya mtambo.

"Mara moja?"

"Kila siku. Nilikuwa nakusikia wewe."

Besi akaondoka bila kumtazama.

Simu zikaita bila kupokelewa. Mshonaji alikosea vipimo, akakata mkono wa kanzu mfupi, na shangazi hakuwa na moyo wa kumgombeza. Mwisho akaenda mwenyewe kwenye karakana ya mtambo. Alimkuta Besi akifungua skrubu za spika moja baada ya nyingine.

"Bado umekasirika?"

"Na nani? Mimi ndiye niliyekataa kuinakili. Nilimficha kaka mpaka nikampoteza mara ya pili." Akaketi chini. "Hasira zimeisha. Kilichobaki ni kibaya zaidi."

"Wimbo naujua wote," Mshonaji alisema. "Hata pale anapovuta pumzi."

"Basi imba."

Hakuwahi kuimba hata mbele ya shangazi. Aliimba. Besi akafumba macho, na kwa muda uso wake ukalegea kama wa mtu aliyepata usingizi. Kwenye ubeti wa pili akayafumbua.

"Inatosha."

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea. Kila neno lipo." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Ila namtafuta yeye, nakupata wewe."

"Nakupenda, Besi."

"Najua. Nami nakupenda. Lakini usije tena, mpenzi. Kila ukifungua mdomo nitakuwa namsikiliza mtu asiyekuwepo, na wewe hustahili hilo. Umenielewa?"

Mshonaji akaitika kwa kichwa tu, maana hata neno "sawa" lingemfanya Besi amsikilize tena kaka yake.