Mnara Haukuzimwa

Soko la vyombo vya umeme vya mitumba lilikuwa limefurika, kila muuzaji amefungulia spika yake. Katikati ya kelele hizo kijana mmoja wa ovaroli ya buluu alikuwa ameinamia redio kuukuu, sikio karibu ligusane na spika. Redio ilikuwa ikitoa piano, kisha sauti ya mwanamke akieleza habari za aliyeutunga muziki ule.

"Hebu izime hiyo," alisema dada mmoja nyuma yake, mwenye gauni la zambarau na leso puani. "Huyo mwanamke anaongea kama amemeza embe bichi."

"We dada, mseme mwingine, huyu usimguse," kijana alijibu bila kugeuka. "Mimi nafanya kazi mlimani peke yangu, wiki nzima naongea na mlinzi tu. Bila sauti hii ningeshakuwa mwehu."

"Makubwa! Unamjua?"

"Simjui. Ila hata akikohoa namtambua."

Dada akakohoa, tena kikohozi cha kweli cha mafua.

"Hicho kipindi kimerekodiwa," alisema kwa koo lililokauka. "Mwenyewe anaumwa. Amekuja kutafuta waya wa maiki."

Kijana alimtazama, akaitazama redio, akamtazama tena. Alisahau alichokuja kununua. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na hawa wawili walianzia kwenye kikohozi chenyewe.

Ajabu ni kwamba walikuwa wameajiriwa na kituo kimoja miaka minne bila kuonana. Dada alikuwa Mtangazaji, studio ikiwa mjini ghorofa ya tatu. Kijana alikuwa Fundi wa mtambo wa kurushia matangazo, saa nzima kutoka mjini, penye mnara wa mita themanini. Wakawa hawamalizi mchana bila kupigiana simu. Dada alimwita "Fundi wangu", naye kijana akamwita "Sauti", basi.

Lakini siku ya kwanza alipopelekwa kuuona ule mnara, Mtangazaji alirudi nyuma hatua mbili.

"Unapanda huko?"

"Napanda, ila nikishauzima mtambo," Fundi alimweleza. "Mnara ukiwa unarusha matangazo, chuma cha juu kinaunguza mtu kama pasi, na moto wenyewe huuoni. Kwa hiyo mpenzi, redio yako ikinyamaza ghafla, ujue nipo juu, na nipo salama."

Maneno hayo yalimtuliza kwa miezi minane. Kisha Alhamisi moja redio ilinyamaza nusu saa nzima, katikati ya kipindi cha mzee mpiga fidla aliyealikwa studio, familia yake yote imekusanyika nyumbani kumsikiliza. Mzee wa watu aliondoka kimya, fidla kwapani. Mtangazaji, aibu imemjaa, alimpigia Fundi simu.

"Ulishindwa hata kuniambia?"

"Upepo ulikuwa unakuja, Sauti. Nisingepata nafasi nyingine."

"Jumamosi ni siku yangu! Muziki wa klasiki na vipindi vya utamaduni, asubuhi mpaka jioni. Nimeiomba miaka miwili. Ukinizimia Jumamosi, Fundi, usinitafute tena maisha yako yote!"

Akakata simu. Hasira hasara, kabla jua halijazama alikuwa ameshajuta, lakini ukaidi nao ukamshika, akangoja mwenzake aanze kupiga. Na mwenzake, masikini, alikuwa akingoja kusamehewa.

Jumamosi Mtangazaji alivaa blauzi nyeupe na skafu ya kijani, kama mtu anayekwenda harusini. Asubuhi ilipigwa okestra nzima. Akaja mfinyanzi akaeleza jinsi udongo unavyokataa kuharakishwa, akafuata mshairi aliyesoma huku amefumba macho. Simu za wasikilizaji zikamiminika. Wadhamini walikaa ukumbini nje ya studio, Meneja akiwazungukia kwa tabasamu pana.

Saa nane mchana upepo ulianza kugonga madirisha. Saa tisa kasoro, redio ndogo ya mezani, ile inayopokea matangazo kutoka hewani kama redio ya nyumba yoyote, ikaanza kukwaruza. Mtangazaji alielewa mara moja kuwa kuna kitu kimelegea mnarani. Aliweka piano ndefu ya polepole, akakaa akingoja Fundi azime mtambo redio inyamaze.

Kimya hakikuja. Redio ilikwaruza, ikatulia, ikakwaruza tena, piano ikiendelea. Akasahau ukaidi wake, akapiga simu.

"Haloo, mlinzi hapa. Fundi kaniachia simu yake."

"Yuko wapi, baba?"

"Kapanda."

"Kapanda wapi?"

"Mnarani, mama. Kwani huku kuna nini kingine cha kupanda? Amevuka nusu."

Aliigeukia redio ndogo. Piano ilikuwa ikilia pale mezani.

"Baba, mtambo ameuzima?"

"Nami nilimuuliza. Kasema, 'Leo hauzimwi. Nikiuzima nimekosa mke.' Nikajua ananitania."

"Mwite ashuke!"

"Kwa upepo huu? Nimeita mpaka koo linauma."

"Basi uzime wewe!"

"Chumba cha mtambo kimefungwa, mama. Funguo ziko mfukoni mwake."

Kuzima muziki kusingesaidia kitu. Mnara ungebaki na moto wake hata studio ikinyamaza. Kilichobaki kilikuwa kitufe chekundu ukutani, chini ya kifuniko cha plastiki, cha kuzimia mtambo kutoka mjini. Hakiguswi bila ruhusa ya Meneja, na Meneja alikuwa ameshaingia.

"Usithubutu! Wadhamini wako hapo nje."

"Kuna mtu juu ya mnara, na mtambo unarusha."

"Fundi anajua kazi yake."

"Mimi ndiye niliyempandisha!" Mtangazaji alipiga kelele, akang'oa kifuniko na kubonyeza.

Redio ya mezani ikabaki inavuma mvumo mtupu. Lakini hofu haikumtoka, ilizidi. Hakujua kama amewahi au amechelewa.

"Baba, unamwona?"

"Namwona. Hajongei."

"Hajongei vipi?"

"Kakumbatia chuma. Mguu umening'inia… subiri… kaurudisha. Anashuka, mama. Polepole."

Alishuka kwa dakika kumi na moja. Simu zote za studio zililia bila kupokewa, Meneja akawa ananong'ona na wadhamini, kisha wadhamini wakaondoka. Mtangazaji hakugeuka.

"Nani kazima?" Hatimaye ilikuwa sauti ya Fundi, ikihema.

"Mimi."

"Sauti, umeiharibu siku yako! Nilibakiza vipandio vinne, nikaze boliti mbili tu—"

"Vipandio vinne, halafu?"



"Glovu ilishaanza kunuka," Fundi alisema polepole. "Vidole vinawaka, najiambia ni baridi ya upepo. Mara moto ukakatika." Akavuta pumzi. "Nilidhani ulimaanisha. Kwamba nisikutafute tena."

"Nilikuwa na hasira! Mtu akisema kwa hasira, wewe unakwenda kufa nayo?"

"Kwako wewe, ndiyo."

"Usirudie kusema hivyo. Naogopa, unasikia?"

"Nami naogopa. Nataka nikuoe, Sauti. Sina pete hapa, nina spana tu."

Mtangazaji angeweza kucheka, ila Fundi aliendelea, "Na boliti bado hazijakazwa. Antena itaanguka usiku huu. Lazima nirudi juu."

Mtangazaji alifumba macho. "Rudi. Mtambo umezimwa na utabaki umezimwa. Ukishashuka ndipo nitakujibu."

"Na siku yako?"

"Panda, Fundi."

Alisimama mbele ya kile kitufe, mgongo umekifunika mtu asije akauwasha mtambo tena, mlinzi akimhesabia vipandio kwenye simu. Meneja alisema maneno yake yote: kwamba siku kama hii haitarudiwa kamwe, na kwamba Jumatatu atasubiri maelezo kwa maandishi. Alimjibu "sawa" bila kumtazama. Dakika arobaini na tatu zilipita bila noti moja hewani.

"Nimeshuka," alisema Fundi. "Boliti zimekazwa. Nimekaa chini kabisa, kwenye majani. Sauti? Upo?"

Mwanamke aliyelipwa kwa kuongea alijifuta machozi kwa skafu kwanza.

"Nipo," alisema. "Nimekubali. Usinyanyuke hapo, nakuja."

Akavua visikizio, akaviweka juu ya meza, akapita mbele ya Meneja akiwa na skafu begani, akashuka ngazi mbili mbili.