Alama Nyekundu kwenye Skrubu ya Turbo

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwavita hufagia garaji ya baba yake, Sudi, hapa Kindu. Huokota nati zilizoanguka, hupanga spana, kisha husimama kando ya gari kuukuu la baba akingoja neno moja tu la sifa. Zamani alilipata. Tangu Aïcha, binti wa baba yake mdogo, aje kutoka Punia kusoma, sifa zote zilihamia kwa mgeni.

"Muone huyu mutoto!" Baba alisema asubuhi moja.

Aïcha alikuwa amewasha lotoko kwenye kijiko. Moto wa buluu ulipozimika, kijiko kilibaki kikavu. Kama maji yangebaki, angeikataa. "Iko safi, Baba mukubwa," alisema.

Lotoko ni pombe kali ya mahindi na mihogo, lakini pale haikuwa ya watu. "Katika nyumba hii, mulevi ni gari peke yake," Baba alipenda kutania. Alijifunza kuendesha kwa pombe wakati wa vita, treni ilipoacha kufika Kindu na petroli ikaisha. Hata leo aliipendelea kwa sababu ya turbo, kile chombo kinachosukuma upepo ndani ya moteri iwe na nguvu.

"Pombe inavumilia upepo mwingi kuliko petroli," aliwaeleza wasichana, "lakini moteri lazima inywe sana. Upepo ukizidi mafuta, moto unakula chuma. Na pompa yetu ya mafuta imezeeka. Wakati wa vita dereva mmoja alikaza skrubu ya kuongeza upepo, akimbie risasi. Pistoni zikatoboka katikati ya msitu. Abiria wakatembea, watoto mgongoni."

Saa ya kupimia upepo ilikufa zamani. Kwa hiyo Aïcha alikuwa ameweka alama nyekundu kwenye skrubu, ionyeshe mahali pa kuishia. Aliiweka kwa rangi ya kucha. Rangi ya Mwavita! Hata kuomba hakuomba.

"Kesho tunakwenda Kampene kumuchukua Bibi, atibiwe macho," Baba aliendelea. "Madaktari wa macho watakuwa Kindu mpaka mwisho wa juma tu. Aïcha atakaa mbele, asikilize moteri."

Loo! Moyo wa Mwavita ulichemka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alinong'ona kwa uchungu. "Mimi mwenyeji ndiyo kwanza naugua!"

Alasiri, wengine walipokwenda kuswali, alichukua bisibisi. Alikwangua alama ya Aïcha, akakaza skrubu nusu duara, kisha akapaka alama mpya pale ilipofikia. Gari likigugumia kidogo, aliwaza, Baba ataona kwamba huyo kipenzi chake hajui kitu.

Asubuhi waliingia wote watatu garini ili walijaribu kwenye mlima kabla ya safari. Gari liliruka mbele kwa nguvu ya ajabu. Mara moteri ikaanza kugonga, ka-ka-ka, kama mawe ndani ya kopo.

"Simama, Baba mukubwa!" Aïcha alipiga kelele. "Inagonga!"

Baba alizima moteri, akafungua boneti, akatazama skrubu. "Alama iko pahali pake. Basi ni pompa njo imekufa, na pompa kama hii haipatikani Kindu. Bibi hatawaona madaktari." Akamgeukia Aïcha. "Ao ulipima lotoko vibaya?"

"Nilipima vizuri, wallahi!" Aïcha alijibu, machozi yakimtoka.

Hicho ndicho Mwavita alichokuwa akikitaka. Sasa alikuwa amekipata. Lakini alimkumbuka Bibi, ambaye kila likizo humpapasa uso kwa vidole na kuuliza, "Umekua, Mwavita?" Akajua kwamba akinyamaza, Bibi atabaki gizani.

"Baba, njo mimi," alisema. "Nilikaza nusu duara, nikapaka alama nyingine. Pompa haina kosa. Wala Aïcha."

Baba alimgeukia. "Kwa nini, mwanangu?"

"Kila siku Aïcha, Aïcha! Mimi nafagia, nani ananiona?" Akaangua kilio.

Baba alimpa bisibisi. "Rudisha. Wewe ndiye unayejua ulipofikisha." Mwavita alirudisha nusu duara kamili. Aïcha alisogeza mpira wa upepo ili apate nafasi. Baba alisikiliza moteri kwanza, kisha gari likapanda mlima bila kugonga hata mara moja.

"Kutokukuona ni kosa langu, nitalirekebisha," Baba alisema. "Lakini sikiliza. Wivu ni kama ule upepo. Ukiwa kidogo, unakusukuma ujifunze kama mwenzako. Ukizidi, unachoma, na haukuchomi wewe peke yako. Kampene huendi. Ila umesema kweli kabla hatujaharibikiwa njiani, na kwa hilo nakushukuru."

Mwavita alibaki nyumbani siku zote za safari. Bibi aliwahi, akapasuliwa macho. Siku alipofunguliwa kitambaa, alipepesa, akawatazama wasichana wawili waliosimama mbele yake.

"Mwenye kucha nyekundu ni Mwavita," alisema. "Si niliambiwa anapenda rangi?" Kisha akashangaa. "Mbona na huyu zake ni nyekundu?"

"Huyo ni Aïcha, Bibi," Mwavita alijibu. "Nimempaka mimi."