Paneli Tatu za Mwisho

Kila Jumatano na Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Chiriku alibeba ndoo ya maji na brashi ya mpini mrefu akaenda kuosha paneli za sola. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi yake ndiye aliyekuwa fundi wa kituo kidogo cha umeme wa jua, mali ya wanakijiji wenyewe. Kilikuwa na safu mbili za paneli kumi na mbili kila moja, na chumba cha betri za kuhifadhi umeme wa kutumia jua likizama. Zahanati, shule, nyumba hamsini na karakana ya seremala vilitegemea hapo.

Paneli tatu za mwisho zilikuwa chini ya waya ambao ndege waliufanya kijiwe chao. Kinyesi chao kiliganda kama saruji. Wiki ya kwanza Chiriku alikisugua mpaka mikono ikamuuma. Wiki ya pili alikitazama tu, akajiambia, "Tatu kati ya ishirini na nne, nani atajua?" Shangazi alipouliza kama amemaliza zote, alijibu, "Zote!" bila kupepesa macho. Mwezi mzima ukapita hivyo.

Kisha betri zikagoma kujaa. Ikabidi nyumba zikatiwe umeme mapema kila usiku ili friji ya chanjo ya zahanati isizimike. Watu walinung'unika na, kama ilivyo kawaida ya watu, wakatafuta wa kumtupia lawama. Hawakwenda mbali. Randa ya umeme ya seremala ilitumia umeme mwingi, na makubaliano yalikuwa aiwashe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa tu, wakati jua limewaka. Sasa wakasema anaiwasha hata usiku, na kwa kuwa karakana yake haikuwa na mita, mzee wa watu hakuwa na cha kujitetea nacho.

Ijumaa baada ya masomo, kamati ya kituo ilikutana mbele ya chumba cha betri, na seremala akaitwa. Chiriku alisimama kando ya shangazi yake.

"Mzee seremala, kuanzia Jumatatu tutakukatia umeme," alisema mwenyekiti, mama mmoja asiyependa maneno mengi. "Si kwa ubaya, lakini betri hazijai."

"Mama Mwenyekiti, mimi siwashi nje ya saa zangu," seremala alijibu. "Nikirudi kwenye randa ya mkono, na bega hili bovu, si nitafunga karakana?"

"Huenda unajisahau, mzee wangu."

Seremala alishika bega lake akatazama chini. Chiriku alikuwa amemzoea kwa vichekesho, na kumwona ameinama vile kulimchoma moyo.

"Shangazi," alinong'ona, "paneli tatu zikiwa chafu, tunapoteza umeme wa hizo tatu tu, sivyo?"

"Sivyo hata kidogo. Za safu moja zimeungwa moja baada ya nyingine. Hizo tatu zikizibwa, zinaivuta nyuma safu nzima." Shangazi akamgeukia. "Mbona unauliza?"

Chiriku angeweza kusema anauliza tu. Badala yake alipaza sauti ili wote wasikie: "Si seremala. Ni mimi. Sijaosha zile tatu za mwisho mwezi mzima, na nilidanganya."

Mwenyekiti alitaka zioshwe papo hapo, lakini shangazi akakataa. Paneli zilizopata joto la jua zikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka.

Kesho yake asubuhi Chiriku alizifunika kwa matambara mabichi, akangoja kinyesi kilainike, akasugua. Seremala alikuja kumshikia ngazi bila kuombwa. Ilipofika saa nane mchana, betri zilikuwa zimejaa pomoni. Mwenyekiti alikwenda karakana mwenyewe kuomba radhi, Chiriku na shangazi yake wakimfuata.

"Nisamehe, babu," Chiriku alisema.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini nikuambie, nilishaanza kujishuku mwenyewe. Juzi nilirudi karakana mara mbili kuhakikisha nimezima randa. Nikasema basi, uzee huo umefika."

Hapo Chiriku akaangua kilio. Shangazi alimwacha alie, kisha akamfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Uvivu wako tumeuosha kwa ndoo mbili," alimwambia kwa upole. "Lakini uongo ulimfanya mtu mwaminifu aanze kutojiamini. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, tutakusaidia. Ukisema umemaliza, wote tunalitegemea neno lako kama tunavyozitegemea betri hizi."