Ile "Tutarekebisha" Nusura Iniulie Mama

"Mama yako ameanguka! Tunampeleka zahanati, njoo huko huko!"

Jirani akakata simu kabla sijauliza lolote.

Nilikuwa nimesimama katikati ya maabara ya kompyuta ya chuo, ripoti ya mradi mkononi, jalada bado lina joto la mashine. Nilikuwa nimetoka saa nzima kwenda kuichapisha, na simu nikaiacha kwenye chaji.

Nikatazama kioo cha simu.

Mama. Mama. Mama.

Simu tatu za mama yangu, zote za saa saba na dakika chache mchana. Sikupokea hata moja!

Nikageuka kumwambia mwenzangu wa mradi.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Kompyuta yake iko wazi, mkoba wake uko chini ya meza, yeye hayupo.

"Nukta yuko wapi?"

Kijana wa meza ya pili akainua kichwa.

"Katoka mbio. Hakuaga mtu."

Ndugu zangu mnaosoma, hapo ndipo shaka iliponiingia.

Ngoja niwaambie mradi wenyewe ulikuwa nini, mnielewe. Mimi na Nukta tuko mwaka wa mwisho. Tulitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa: unaandika saa zako, muda ukifika simu inalia na ujumbe unaingia. Basi.

Yeye wanamwita Nukta kwa sababu hata nukta moja ikikaa vibaya kwenye programu anaiona. Mimi wananiita Chapchap. Sababu mtaiona wenyewe.

Mwalimu wetu alisema tujaribu kwa simu zetu tu, mpaka yeye aikague. Mimi nikaona anatuchelewesha. Nikaingiza namba ya mama yangu kimyakimya. Mama ana kisukari, anajichoma sindano ya insulini saa moja asubuhi na saa moja jioni, kabla ya kula.

Nilimwambia hivi, kwa mdomo wangu huu:

"Mama, usihangaike tena kukumbuka. Simu ikilia, jichome. Wewe unasahau, mashine haisahau."

Akacheka. "Haya mwanangu, msomi wangu."

Siku ile ya Jumatatu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mfumo kutuma ujumbe kwenye simu yake.

Nikakaa kwenye kiti cha Nukta. Kwenye kioo chake kulikuwa na orodha ya ujumbe uliotumwa siku hiyo. Mstari mmoja tu ndio niliouona:

MAMA. SINDANO. 13:00.

Saa saba mchana!

Mama alitakiwa kukumbushwa saa moja asubuhi. Simu imemlilia saa saba mchana! Na mama yangu asubuhi hakosi sindano, hata mvua inyeshe mawe. Maana yake kajichoma mara mbili, na mara ya pili hana kitu tumboni!

Nikafungua historia ya mradi. Kwa wasiojua, kila anayegusa programu anaandikwa jina lake, siku, na alichobadilisha. Haifutiki. Nikashuka na jicho moja kwa moja kutafuta jina...

"Jumamosi. Nukta. Nimebadilisha saa za dawa."

Hee!

Nikakumbuka ugomvi wetu wa Ijumaa. Aliona namba ya mama kwenye orodha, akaniwakia mbele za watu.

"Mtoe mama yako humu."

"Mama ni wangu au wako?"

"Chapchap, ukiendelea hivi, huu mradi utaua mtu."

Utaua mtu! Ndivyo alivyosema! Tangu Ijumaa ile nilikuwa nimemnunia, hata ujumbe wake sifungui. Sasa saa zimebadilishwa, mama yuko chini, na yeye ametoroka. Ningewaza nini kingine?

Nikaingia kwenye grupu la darasa. Watu tisini na wawili. Nikaandika bila kupumua:

"Nukta kabadilisha saa makusudi ili mradi wangu uharibike. Mama yangu yuko zahanati. Akifa, muuaji mnamjua."

Nikatuma. Nikadandia pikipiki ya kwanza.

Njia nzima nilikuwa nasali vipande vipande. Sala naianza, sijaimaliza naanza nyingine. Dereva akaniuliza mara mbili tunakata kushoto au tunanyoosha, mara zote mbili nikamjibu "ndiyo". Nilikuwa naona mkono wa mama tu, ule wenye kovu la pasi, ukiwa umelegea.

Zahanati. Nikapita watu kwenye benchi, nikasukuma pazia.

Mama kalala. Dripu mkononi. Macho yamefumba.

Na pembeni yake, kamshika vidole... Nukta!

Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Mwachie mama yangu!"

Nikamkwida blauzi. Hakujitetea. Alikuwa analia.

"Chapchap, nisikilize..."

"Nikusikilize nini, muuaji wewe!"

"We mtoto!"

Sauti ilikuwa ya mama. Dhaifu, lakini ni ile ile aliyoitumia kunilea. Nikageuka, blauzi bado mkononi.

"Mama! Uko hai!"

"Niko hai kwa sababu ya huyo unayemkaba. Mwachie."

Nikamwachia.

Mama akavuta pumzi, akanieleza kidogo kidogo. Simu ililia saa saba. Alishangaa, maana alikumbuka kujichoma asubuhi. Akanipigia aniulize. Mara tatu.

"Hukupokea. Nikasema labda asubuhi sikujichoma, nimeota tu. Uzee huu. Si uliniambia mimi nasahau, mashine haisahau?"

Jamani...

Hakuna mtu aliyewahi kunipiga kofi zito kama lile, na mama hakuninyooshea hata kidole.

"Nikajichoma. Ndiyo naweka chungu cha mchana jikoni, nikaanza kutetemeka na jasho. Mara huyu akapiga, yuko njiani anakuja mbio, kaona kwenye kompyuta yake ujumbe wangu umetoka saa saba. Akaniambia mama, tafuta sukari, koroga kwenye maji, unywe sasa hivi, simu usikate. Sikufika kabatini, nikaanguka. Yeye na jirani ndio walionikuta sakafuni, nikiwa bado najitambua. Akaninywesha kidogo kidogo kama mtoto."

Muuguzi aliyekuwa anarekebisha dripu akaongeza bila kuniangalia:

"Mngechelewa dakika ishirini tungekuwa tunaongea mengine."

Nikamgeukia Nukta.

"Lakini saa... si wewe uliyebadilisha?"

Akafuta machozi kwa kiwiko. Akatoa simu yake, akafungua historia ile ile ya mradi.

"Ulisoma mstari wangu. Wa juu yake ulisoma?"

Nikasoma.

"Jumapili. Chapchap. Saa tayari!!!"

Na alama zangu tatu za mshangao, kama kawaida yangu.

Mnakumbuka niliposema sababu ya jina Chapchap mtaiona wenyewe? Sasa sikieni.

Ijumaa tuligundua kosa: ukiandika saa moja asubuhi, kompyuta inaelewa ni saa yake, yaani saa saba ya usiku wetu. Kompyuta haijui kwamba sisi siku yetu inaanza jua likichomoza. Dawa yake ni ndogo tu, unaongeza sita. Moja na sita, saba. Kwa kompyuta, saba ya asubuhi ndiyo saa moja yetu.

Mwalimu akauliza, "Hili mtalifanyaje?"

Tukajibu kwa pamoja kama wanakwaya:

"Tutarekebisha!"

Tutarekebisha. Nani? Hatukusema. Tukanuniana, tukatawanyika.

Jumamosi Nukta akaongeza sita, pale saa inapoingizwa. Jumapili mimi, bila kusoma alichofanya, nikaongeza sita yangu, pale ujumbe unapotoka.

Moja. Jumlisha sita. Jumlisha sita.

Kumi na tatu. Saa saba mchana.

Aliyetaka kumuua mama yangu nilikuwa namkimbiza kwa pikipiki kumbe nimembeba mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu atalipata na halitamfaa.

"Nilikuambia," akasema. Akataka kuvaa mkoba ambao hakuwa nao. Mkono wake ukashika hewa begani, akakumbuka ameuacha maabara. Akatoka na kiatu chake kimoja.

Nikakaa kwenye benchi nje. Nikafungua ujumbe wake wa sauti wa Jumamosi, ambao kwa kiburi changu sikuwa nimeusikiliza.

"Chapchap, najua umeninunia. Ile tutarekebisha ya jana, nimerekebisha mimi. Usiguse tena tafadhali, itazidi. Na mama mtoe kwenye orodha. Namuogopea, ananipikiaga kama mwanawe."

Sekunde kumi na tisa. Mama yangu alikuwa na thamani ya sekunde kumi na tisa, na mimi nilimnyima.

Kwenye grupu nilifuta yale maneno, lakini watu walishayapiga picha, yakaenda hadi madarasa mengine. Ndiyo maana leo naandika hapa, mbele za watu wengi zaidi ya wale. Nukta hakugusa kitu kwa ubaya. Mimi ndiye niliyegusa. Na kwa mwalimu nilikwenda mwenyewe nikasema kila kitu, pamoja na namba ya mama. Mradi umesimamishwa mpaka aukague mstari kwa mstari. Sina wa kumlaumu.

Mama yuko nyumbani, anakula vizuri. Siku hizi nikimwambia "tutaleta maji", ananikata.

"Tu nani? Sema nitaleta, nijue wa kumdai."

Nami nawaachia hilo hilo, hasa nyie mnaofanya miradi kwa makundi. Kazi ya "tu" ama haifanywi, ama inafanywa mara mbili. Na ukinuna, nuna, lakini ujumbe wa mwenzako usikilize.

Nukta alikuwa hajajibu ujumbe wangu hata mmoja kwa siku tano.

Leo asubuhi nimefungua historia ya mradi. Kuna mstari mpya juu kabisa.

"Nukta. Nimeondoa sita moja. Nimemtoa mama. Chapchap, niletee kiatu changu, kiko kwenu."